Kalamu na Gari la Magazeti

Shairi huhakikiwa kwa vina vyake, mizani yake na maana yake. Hadithi huhakikiwa kwa watu wake na kwa namna mambo yake yanavyofuatana. Je, gazeti lihakikiwe kwa kitu gani? Wengi hujibu upesi kwamba gazeti lipimwe kwa mambo matatu: ukweli wa habari zake, ufasaha wa lugha yake, na ushujaa wa mhariri wake. Jibu hilo ni jema, lakini halikutimia. Kitabu kikikosa msomaji leo huweza kungoja juu ya rafu miaka 50, kikampata msomaji ambaye mwandishi wake hakumwota. Gazeti halina subira hiyo. Huzaliwa usiku, huuzwa asubuhi, na jua linapotua huwa karatasi ya kufungia karanga. Neno la haki lililopigwa chapa saa sita za usiku katika mji mmoja, lisipoufikia mji mwingine kabla watu hawajatawanyika kwenda kazini, ni kama neno lisiloandikwa. Kwa hiyo mhakiki wa gazeti ana jambo la nne la kutazama, ambalo mhakiki wa mashairi hana haja nalo. Jambo hilo ni njia ambayo gazeti hupita kutoka mtamboni mpaka mkononi mwa msomaji.

Nakualika, msomaji, tulipime jambo hilo la nne, na mizani yetu tuitundike katika nchi ya Nijeria, Afrika ya Magharibi. Nchi hiyo inafaa kwa sababu mbili. Kwanza ni kubwa: eneo lake ni kilometa za mraba 923,768. Kutoka Lagos, mji wa pwani ya kusini, mpaka Kano, mji wa kaskazini, ni mwendo wa barabara wa kilometa 1,000 hivi, mbali kuliko kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Pili, magazeti yake ni ya zamani. La kwanza, Iwe Irohin, lilianzishwa katika mji wa Abeokuta mwaka 1859 na mmisionari Henry Townsend, kwa lugha ya Kiyoruba. Tangu siku hizo Nijeria imekwisha kuona kila jambo liwezalo kulipata gazeti. Imeona magazeti ya wazalendo, ya wageni, ya Serikali, na hata magazeti ambayo wahariri wake walihama kila juma ili wasikamatwe. Swali letu ni moja: mhariri huwa huru kwa nguvu ya kalamu yake, au kwa nguvu ya gari linaloibeba kazi ya kalamu hiyo?

Tuanze na West African Pilot. Gazeti hili lilitoka Lagos kwa mara ya kwanza tarehe 22 Novemba 1937. Mwanzilishi wake, Nnamdi Azikiwe, alikuwa amesoma Marekani, na alikuwa amekwisha kuuonja ukali wa sheria ya uchochezi. Alipokuwa mhariri wa African Morning Post mjini Accra, alishtakiwa kwa sababu ya makala ya mwaka 1936 yaliyoandikwa na I. T. A. Wallace-Johnson. Alihukumiwa, kisha hukumu ikatenguliwa kwa rufani. Mtu wa namna hiyo huweza kufanya moja katika mambo mawili: ama hunyamaza, ama huongeza sauti. Azikiwe aliongeza sauti. Wito wa gazeti lake ulisema kwamba nuru ikionyeshwa, watu wenyewe wataiona njia.

Ukiyatazama maandishi ya Pilot kwa jicho la mhakiki, utaona sifa na kasoro zikiishi nyumba moja. Lugha yake ilikuwa moto. Ilipenda maneno makubwa na marefu, na aghalabu ilipaza sauti mahali ambapo hoja tulivu ingetosha. Walakini iliwaambia Waafrika, kila siku na kwa bei ndogo, kwamba hawakuumbwa wawe raia wa daraja la pili katika nchi yao wenyewe. Wahakiki wengi husimama hapo, wakamsifu Azikiwe kwa kalamu yake. Sisi tuendelee hatua moja mbele, tuitazame mitambo yake.

Azikiwe aliona kwamba gazeti la Lagos likibebwa kwa lori au kwa gari la moshi mpaka mashariki au kaskazini hufika likiwa limechakaa kwa uzee. Badala ya kulipeleka gazeti mbali, aliupeleka mtambo karibu na msomaji. Mwaka 1940 ulianzishwa Eastern Nigerian Guardian katika Port Harcourt. Mwaka 1943 yakafuata Nigerian Spokesman katika Onitsha na Southern Nigeria Defender katika Warri. Kisha Daily Comet, gazeti la Lagos alilolinunua, likahamishiwa Kano mwaka 1949. Tazama busara ya mpango huo. Msomaji wa Onitsha alipata habari za Onitsha siku ya Onitsha, na hapakuwa na barabara moja ambayo mtawala angeweza kuiziba ili kuinyamazisha sauti nzima. Katika Julai 1945, wakati wa mgomo mkuu wa wafanyakazi, Serikali ya kikoloni ilipiga marufuku Pilot na Comet huko Lagos. Lakini aliyetaka kuifunga sauti yote ya Azikiwe ilimpasa kwenda kubisha milango mingi katika miji mingi. Hapo uhuru wa mhariri ulilindwa na hesabu ya mitambo zaidi ya ukali wa maneno.

Hata hivyo, usiharakishe kumvika taji. Pilot lililokuwa huru mbele ya mkoloni halikuwa huru mbele ya mwenyewe. Azikiwe alikuwa kiongozi wa chama cha NCNC, kilichoundwa mwaka 1944. Mwaka 1954 alikuwa Waziri Mkuu wa Jimbo la Mashariki, mwaka 1960 akawa Gavana Mkuu, na mwaka 1963 akawa Rais. Mhariri wa Pilot angeandika nini juu ya chama ambacho kiongozi wake ndiye mwenye gazeti? Upande wa pili, Obafemi Awolowo alikuwa ameanzisha Nigerian Tribune katika Ibadan mwaka 1949, nalo likautetea upande wake kwa bidii ile ile. Wasomaji wengi wakanunua gazeti kama mtu anavyonunua bendera, kuonyesha yu upande gani. Tunajifunza hapa kwamba njia yako mwenyewe yaweza kukuokoa kwa mgeni, lakini haikuokoi kwa bwana wa nyumba.

Sasa tutazame gazeti la namna nyingine kabisa. Daily Times lilianza tarehe 1 Juni 1926, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Ernest Ikoli. Mwaka 1947 lilinunuliwa na kampuni ya Daily Mirror ya London, chini ya Cecil King. Kampuni hiyo ilileta mitambo mipya, picha nyingi, habari fupi fupi, michezo, na magari ya kusambazia magazeti. Wazalendo wengi walilidharau. Walisema gazeti la Mwingereza haliwezi kuwa na moyo wa Mwafrika, na shaka yao haikukosa msingi. Lakini katika chumba cha chapa cha gazeti hilo alikuwamo kijana mmoja, Babatunde Jose, aliyeingia kazini mwaka 1941 kama mwanafunzi wa ufundi. Mwaka 1957 kijana huyo akawa mhariri, na mwaka 1962 akawa mkurugenzi mkuu. Katika mikono yake Daily Times likawa gazeti lililosomwa kuliko yote nchini. Kufikia mwaka 1975 liliuza nakala 275,000 kwa siku, na ndugu yake Sunday Times akauza nakala 400,000.

Hesabu hiyo haikupatikana kwa uzuri wa tahariri peke yake. Ilipatikana kwa sababu magari ya Daily Times yaliondoka Lagos usiku, wengine wakiwa wamelala, yakashindana na jua. Mwalimu katika mji mdogo, karani wa posta, mwenye duka la vitambaa, wote waliweza kuwa na gazeti moja kwa siku moja. Katika nchi yenye lugha mamia na majimbo yaliyotazamana kwa mashaka, hilo lilikuwa jambo kubwa. Pilot liliunganisha watu wa mawazo mamoja. Daily Times liliunganisha watu wa mawazo mbalimbali, maana halikudai kwanza kujua msomaji ni wa chama gani.

Kasoro yake ilikuwa upande wa pili wa sifa hiyo. Gazeti linalotaka kupita kila barabara hujizoeza kutomwudhi mwenye kizuizi chochote. Lugha ya Daily Times ilikuwa safi na ya wastani, lakini mara nyingine wastani huo ulifanana na woga. Jose mwenyewe hakuificha taabu hiyo. Kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa mwaka 1987, alikiita Walking a Tightrope, yaani kutembea juu ya kamba iliyotandwa. Jina hilo ni uhakiki wa kweli kuliko lawama nyingi za maadui zake. Mtembea kamba hawezi kukimbia, wala hawezi kuinama amwokote aliyeanguka. Kazi yake yote ni kutoanguka mwenyewe.

Na mwisho wake ulikuwa nini? Gazeti lililojenga njia nzuri kuliko yote likawa kitu ambacho kila mtawala angekitamani. Mwaka 1975 serikali ya kijeshi ya Murtala Mohammed ilichukua hisa 60 katika kila 100 za Daily Times, ikachukua na New Nigerian lote la Kaduna. Mwaka uliofuata Jose aliondoka. Tafakari jambo hilo, msomaji. Serikali haikulipiga gazeti marufuku, haikuvunja mtambo, haikumfunga mhariri. Ilinunua ngoma, ikabaki na haki ya kuchagua wimbo. Mwanzoni magari yalikuwa yale yale na barabara zile zile, lakini imani ya wasomaji ilianza kupungua, na mauzo yakafuata imani. Serikali ilipoliuza gazeti hilo kwa kampuni ya watu binafsi mwaka 2004, lilikuwa kivuli cha lilivyokuwa. Gari lenye injini nzuri likibeba magunia matupu halimshibishi mtu.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba mali ya Serikali si mara zote maiti. Gaskiya Ta Fi Kwabo, gazeti la Kihausa lililoanza Zaria mwaka 1939, liliundwa na watawala wa kikoloni. Lakini mhariri wake wa kwanza, Abubakar Imam, aliifanya lugha yake ipendwe na maelfu ya Wahausa. Jina lenyewe ni methali: ukweli wapita peni. New Nigerian nalo, lililoanzishwa na Serikali ya Jimbo la Kaskazini tarehe 1 Januari 1966, lilijulikana kwa tahariri thabiti zilizosomwa hata na wale waliozichukia. Wahariri wa magazeti hayo wanastahili heshima. Lakini angalia uhuru wao ulitoka wapi. Ulitoka kwa mtawala aliyekubali kuvumilia. Siku uvumilivu ulipokwisha, kama ulivyokwisha mwaka 1975, hapakuwa na ukuta wa kumzuia. Mtu anayepewa uhuru kwa hiari ya mwingine ana likizo, na likizo ina tarehe ya mwisho.

Tangu hapo mkono wa wenye nguvu ulijaribu njia nyingi. Mwaka 1984 serikali ya kijeshi ya Muhammadu Buhari ilitoa Amri Namba 4, iliyowatia hatiani waandishi kwa habari zilizowavunjia heshima maofisa wa Serikali. Waandishi wawili wa The Guardian la Lagos, Tunde Thompson na Nduka Irabor, walifungwa gerezani kwa amri hiyo. Tarehe 19 Oktoba 1986 Dele Giwa, mhariri wa jarida la Newswatch, aliuawa nyumbani kwake kwa bomu lililoletwa ndani ya bahasha. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Kisha uchaguzi wa tarehe 12 Juni 1993 ukabatilishwa, na nchi ikatikisika. Mwaka 1994, wakati wa utawala wa Sani Abacha, yalifungwa magazeti ya nyumba tatu kubwa: Punch, The Guardian, na Concord, ambalo lilikuwa mali ya Moshood Abiola, mtu aliyeonekana kuushinda uchaguzi ule. Hayakupata kufunguliwa mpaka mwaka 1995.

Hapo ndipo yanapoingia majarida madogo ambayo hayawezi kukosekana katika uhakiki wetu: Tell, The News na Tempo. Hayakuwa na majumba makubwa wala misafara ya magari. Wahariri wake walikutana leo hapa na kesho kule. Walipiga chapa katika mtambo huu juma hili, na katika mtambo mwingine juma la pili. Zaidi ya mara moja maofisa wa usalama walivamia wakachukua nakala kwa maelfu. Lakini nakala zilizosalia zilifika. Nani alizifikisha? Ni wachuuzi wa barabarani, watu wasiotajwa katika vitabu vya sifa. Waliliweka jarida lililokatazwa chini ya magazeti yaliyoruhusiwa, wakamtazama mnunuzi usoni kabla ya kulitoa. Baadhi yao walikamatwa kwa kosa la kuuza karatasi.

Kwa ufundi wa uandishi, majarida hayo hayakuwa kamili. Mwandishi anayejificha hapati nafasi ya kumwuliza kila mtu wala ya kuthibitisha kila neno, na hasira ya siku zile iliweza kuufanya uvumi uvae nguo za habari. Mhakiki mwaminifu hafumbi jicho kwa sababu aliyeandika alikuwa shujaa. Lakini kwa swali letu, yametupa jibu ambalo Pilot na Daily Times hayakuweza kulitoa. Nyumba kubwa ina anwani, na penye anwani kufuli hufika. Njia iliyogawanyika katika mamia ya mikono midogo haina mlango mmoja wa kufungwa. Mchuuzi aliyelificha jarida alikuwa, kwa saa ile, sehemu ya chumba cha mhariri.

Labda, msomaji, unawaza kwamba mambo hayo ni ya majeshi na ya zamani. Basi tufike tarehe 6 Juni 2014. Nijeria ilikuwa na Rais aliyechaguliwa, Goodluck Jonathan, na ilikuwa katika uchungu mkubwa: kundi la Boko Haram lilikuwa limewateka wasichana wa shule huko Chibok mwezi wa Aprili. Alfajiri ya siku hiyo askari waliyasimamisha magari ya magazeti katika barabara za miji mbalimbali. Miongoni mwa magazeti yaliyozuiwa yalikuwamo The Nation, Leadership, Punch na Daily Trust. Jeshi lilieleza kwamba limepata habari kuwa vitu vya kuhatarisha usalama huenda vikapitishwa katika magari ya namna hiyo. Upekuzi uliendelea siku iliyofuata.

Zingatia mambo yasiyotendeka. Hapakutolewa sheria ya kulifunga gazeti lolote. Hapana mhariri aliyeambiwa afute sentensi hii au ile. Askari hakuhitaji hata kusoma kilichoandikwa. Alihitaji saa tano tu za asubuhi. Gazeti lililoachiliwa mchana lilikuwa limekwisha kufa, ijapokuwa wino wake ulikuwa mbichi. Karatasi ilikuwa imelipiwa, dereva alikuwa amelipwa, mwenye tangazo hakuonekana na mtu, na mchuuzi alirudi kwa watoto wake mikono mitupu. Wahenga wetu husema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Siku ile ilionyesha kwamba njia ya mkweli nayo yaweza kufupishwa kwa gogo moja lililolazwa barabarani.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, na mhakiki asiyeisimulia amesema nusu. Wenye magazeti walidai fidia, na naira milioni 120 zikatolewa kwa ajili ya magazeti 12 bila hukumu ya mahakama. Katika Desemba 2015 ikajulikana kwamba fedha hizo zilitoka katika ofisi ya Mshauri wa Usalama wa Taifa, ofisi ambayo wakati huo ilikuwa ikichunguzwa juu ya fedha za kununulia silaha. Baadhi ya magazeti yakatangaza kuzirudisha. Aliyedhulumiwa ana haki ya kulipwa, jambo hilo halina ubishi. Lakini fikiri hali ya mhariri ambaye kazi yake ni kuuliza fedha za silaha zimekwenda wapi, kisha aambiwe kwamba sehemu yake imo katika kasha la gazeti lake mwenyewe. Kizuizi cha barabarani kilimnyima asubuhi moja. Fidia iliyopita mlango wa nyuma iliweza kumnyima sauti kwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini gazeti liwe dhaifu hivyo mbele ya fedha? Jibu lipo tena njiani. Alfajiri mawakala hukutana mahali pa kugawia, wakachukua nakala. Mchuuzi hupewa zake kwa ahadi kwamba atalipa zilizouzwa na kurudisha zilizobaki. Sarafu ya msomaji hupita kwa mchuuzi, kisha kwa wakala, kisha ndipo ifike kwa mwenye gazeti, na kila mkono huchelewesha kidogo. Kwa upande mwingine bei ya nakala moja haitoshi kulipia karatasi, wino, mshahara na petroli. Pengo hilo huzibwa na matangazo, na katika Nijeria Serikali ya Muungano pamoja na serikali za majimbo ni watangazaji wakubwa. Mkono mtupu haulambwi. Mkono uliojaa hulambwa hata na asiyependa. Ofisa hana haja ya kumtisha mhariri. Humtosha kuyahamishia matangazo yake kwa jirani.

Na msomaji yuko wapi katika hesabu hii? Katika miji ya Nijeria utaona watu wamezizunguka meza za magazeti kila asubuhi, wakisoma vichwa vya habari na kubishana kwa sauti, kisha wakaenda zao bila kununua. Wanijeria wenyewe huwaita kwa mzaha chama cha wasomaji wa bure. Ni watu wanaopenda habari kwa moyo, na siwadharau, maana bei ya gazeti ikishindana na bei ya mkate, mwenye watoto hajiulizi mara mbili. Baraza lao hata lina faida, kwa kuwa gazeti moja hufikia masikio ishirini. Lakini hesabu haina huruma. Kila sarafu ambayo msomaji hakuitoa, mtu mwingine ataitoa, na huyo mwingine atakuwa na ombi lake kwa mhariri. Mhariri asiyelishwa na wengi walio wadogo atalishwa na wachache walio wakubwa.

Utaniambia kwamba siku hizi habari hazipandi lori, zinasomwa katika simu. Ni kweli, na wengi wa wasomaji wale wa mezani wamekwisha kuhamia huko. Lakini je, njia mpya haina kizuizi? Katika Juni 2021 Serikali ya Nijeria ilisimamisha matumizi ya mtandao wa Twitter nchini, na haukufunguliwa mpaka Januari 2022. Kwa miezi saba hivi magazeti yalipoteza barabara mojawapo ya kuwafikilia wasomaji wao. Gari limebadilika, mkono unaoweza kulisimamisha ni ule ule. Tena gari hili jipya si mali ya mhariri wala ya wakala wake, ni mali ya kampuni iliyo ng'ambo ambayo hajapata kuiona.

Sasa tutoe hukumu yetu. West African Pilot tulisifu kwa kuupeleka mtambo karibu na msomaji, tulilaumu kwa kumtii mwenyewe. Daily Times tulisifu kwa njia ndefu iliyowakutanisha watu wasiopatana, tulilaumu kwa kuitunza njia hiyo kuliko neno lililopitishwa juu yake, mpaka njia na neno vyote vikachukuliwa. Majarida ya mwaka 1993 na miaka iliyofuata tuyasifu kuliko yote kwa uhuru, ingawa si kwa usahihi, na sifa hiyo tuigawe nusu kwa nusu na wachuuzi waliolala rumande. Kutokana na hukumu hizo tatu naona ya kwamba uhuru wa mhariri hauanzi wala hauishi mezani pake. Unaishia pale gazeti lake linapoishia, na hudumu pale tu ambapo njia yake iko katika mikono mingi na gharama yake katika mifuko mingi.

Kwa hiyo, wewe kijana unayesoma, usilishike gazeti kama unavyoshika jani lililoanguka mtini. Jiulize nani ameliandika, na nani mwenye mali. Jiulize nani aliyelipa zaidi, wewe au mwenye tangazo la ukurasa mzima. Kisha uliza swali ambalo wahakiki hulisahau: lilipita kwa ruhusa ya nani mpaka likanifikia? Na siku ambayo meza ya magazeti itakuwa tupu asubuhi, usiseme tu kwamba gari limechelewa. Uliza limesimamishwa wapi, na ndani yake mlikuwa na neno gani.